Mrejesho: uzio wa mizinga ya nyuki dhidi ya tembo

Niliuliza namna ya kuzuia tembo wasiingie mashamba ya mahindi kando ya Tsavo Mashariki bila kuwadhuru. Ahsanteni sana, ndugu zangu: uzio wa mizinga unafaa, ila kazi iko kwenye kufunga. Mizinga ining'inie kati ya nguzo kila baada ya mita 10, wa nyuki ukifuatwa na wa bandia, kipande tu cha plaiwudi. Waya unaounganisha mizinga ufungwe kwenye mizinga yenyewe, usipigiliwe nguzoni. Tembo akiusukuma, mizinga inayumba, nyuki wanamtokea. Ukiukaza nguzoni, anaukata na kupita kimya kimya. Nguzo zipakeni grisi, maana siafu wakipanda nyuki wanahama. Kiangazi wekeni maji ya nyuki karibu. Mizinga yenye nyuki humzuia tembo vizuri kuliko mitupu.