Makuwadi wa Kigoma wanapandisha bei kwa jina la "hadhi", na fedha haimfikii mwanamke

Ndugu zangu,

Nina saluni Mwanga, hapa Kigoma Mjini, na nimechoka kunyamaza. Wanawake watu wazima wanaolipwa kuwapa kampani wageni wa semina na wafanyabiashara wanaovuka ziwa huja kusuka kwangu, na ni wao walionieleza mtindo ulioingizwa na makuwadi: mwanamke yule yule, picha mpya, wigi la kuazima, bei mara tatu, kisha tangazo lisemalo "kwa wateja wa hadhi tu, nafasi mbili zimebaki".

Nafasi hizo haziishi. Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 mwaka 2024, migebuka iliadimika kweli na kila mtu alijua sababu. Uadimu huu wa makuwadi unatengenezwa kwenye simu. Wanajua kwamba mteja hana namna ya kupima mapema anachokilipia, wala hatathubutu kwenda polisi kudai chake, hivyo bei yenyewe inageuzwa kuwa ushahidi: akitajiwa kubwa, anaamini kuna usiri, kuna usalama, na kwamba si kila mtu anayefika hapo. Hata punguzo lao, laki tatu iliyokatwa mstari na laki mbili iliyoandikwa chini yake, ni uongo mtupu, kwa kuwa hiyo laki tatu hakuna aliyewahi kuitozwa.

Kinachoniuma ni kwamba gharama ya sifa hiyo anaibeba mwanamke. Anakatazwa kuonekana baa, anakatazwa kupokea mteja wake mwenyewe, na anakatazwa kuwaambia wenzake analipwa kiasi gani, ingawa wiki nzima inaweza kupita bila kuitwa. Mmoja alinionesha ujumbe wa malipo: mteja alitoa laki mbili, yeye akatumiwa elfu arobaini, baada ya kukatwa fedha za picha, nguo na "ulinzi". Alipouliza mlinzi ni nani, alijibiwa kwamba wako wengi wanaoingoja nafasi yake. Kwa mteja anatangazwa kuwa hana mfano, na yeye mwenyewe anatishwa kwamba wa kumrithi wamejaa!

Kanuni ya Adhabu inamtia hatiani anayeishi kwa mapato ya ukahaba wa mwenzake, na ipo pia Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya mwaka 2008. Hata hivyo, siku ya msako nimeona wanawake wakipandishwa kwenye difenda, na kuwadi sijamwona humo.

Wenye nyumba za wageni mnaopokea chochote kutoka kwa watu hawa, acheni. Na mwanasheria yeyote anayesoma hapa atueleze: mwanamke akitaka kumshtaki kuwadi aliyemla fedha zake, aanzie wapi bila yeye kuwekwa mahabusu kwanza?