Gari yako ilichemshia wapi, foleni au mlimani? Tupeane uzoefu

Mwenye Noah: Wakuu, habari za jioni. Gari ikichemsha, mafundi wengi wanarukia "gasketi ya hedi" kabla hata ya kufungua boneti. Mimi huuliza kwanza imechemshia wapi. Inapanda kwenye foleni, ikipata barabara nyeupe inashuka? Anza na feni. Mjini haina shida ila Sekenke au Kitonga inakushinda? Shuku rejeta.

Natanguliza yangu: Noah ya zamani, ile ya injini chini ya siti. Fundi kabadili pampu ya maji, kajaza maji, kanikabidhi. Nafika Mlandizi geji iko juu, nawasha hita inapuliza baridi! Hapo nikajua kuna hewa. Mabomba ya gari hii ni marefu, yanatoka rejeta mbele hadi injini katikati, hewa inanasa njiani. Tuliiacha ipoe, tukainua pua kwa jeki, mfuniko wazi, hita mwisho, injini inaunguruma. Maji yakishuka tunaongeza, mpaka mapovu yakakata. Haijarudia. Tiririkeni.

Canter ya Makambako: Yangu ilikuwa inachemsha mlimani ikiwa na mzigo tu. Mzee mmoja akaniambia zima injini, feni ikisimama papasa uso wa rejeta. Juu moto, kona ya chini baridi kabisa. Mirija imeziba kwa kutu, maana ilinyweshwa maji ya kisima maisha yake yote. Kuzibua kulisaidia kidogo, nikaishia kununua nyingine. Sasa hivi kulanti tu, yale maji maalumu ya kupozea injini.

Mama wa Passo: Sisi wa gari zisizo na geji tunategemea taa nyekundu, na ikiwaka ujue mambo yameshaharibika. Yangu maji yalipungua kila wiki, chini hakuna tone. Fundi wa kwanza: gasketi, laki kadhaa. Wa pili alifungua mfuniko wa rejeta asubuhi injini ikiwa baridi, akanionyesha mpira wake umechanika. Kubadili mfuniko tu, basi.

Fundi wa Gerezani: Mama, huyo wa pili mshike. Ile 0.9 au 1.1 iliyoandikwa kwenye mfuniko ni presha, ndiyo inayozuia maji yasichemke yakifika 100. Gasketi ikiungua kweli utaona mapovu yasiyokata kwenye rejeta, au oili imegeuka rangi ya maziwa.

Na nyie mnaong'oa themostati (vali inayofunguka kwa joto kuruhusu maji yaende rejeta) "ili maji yapite vizuri": baadhi ya injini za Toyota, themostati ikifunguka ndiyo inayoziba njia ya mkato. Ukiitoa, maji mengi ya moto yanazunguka humohumo bila kupita rejeta. Itie kwenye sufuria ya maji, chemsha. Isipofunguka, nunua nyingine. Na mfuniko haufunguliwi injini ikiwa ya moto, nimeona watu wakibabuka uso.

Subaru ya Arusha: Mkuu, yangu ni ya foleni. Nikiwasha AC feni zinazunguka, nikizima AC zinalala hata geji ikipanda.

Fundi wa Gerezani: Basi mota ni nzima, usinunue feni. Fuata sensa ya joto, waya zake, kisha relei (swichi ya umeme inayowasha feni). Soketi ya sensa ichomoe uitazame, mara nyingi unakuta kutu ya kijani.