Mguu wa Mama Nsimire: gumzo la kikundi cha familia, Bukavu

JUMAPILI

Furaha, 05:48
Jambo familia. Nimelala kwa Mama, huku Kadutu. Usiku nilimufungua kile kitambaa cha mguu. Kidonda kiko juu kidogo ya kifundo, upande wa ndani, ukubwa wa kifuniko cha chupa ya soda. Maji yanatoka mpaka shuka imelowa. Ngozi ya pembeni imekuwa nyeusi na ngumu kama ngozi ya ngoma.

Furaha, 05:50
Alikuwa anatuficha. Anavaa kikwembe kirefu ili tusione.

Furaha, 05:51
Nataka majibu leo. Nani anamupeleka kwa munganga, yaani daktari, Jumanne? Nani anakaa kwenye meza yake ya sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa? Nani anatoa nini?

Furaha, 05:52
[picha]

Bisimwa, 07:33
Yaya Furaha, watu tuko kwenye chai na mandazi, unatuma picha ya kidonda 😭

Furaha, 07:34
Maliza mandazi, kisha jibu.

Yaya Bahati (Lubumbashi), 09:15
Huu si mguu wa bonge la damu, wa ile safari ya Uvira? Si walisema amepona?

Furaha, 09:16
Bonge lilipona. Mguu haukupona.

Ciza, 09:40
Jumanne navuka Ruzizi kwenda Kamembe, Rwanda. Naweza kutafuta soksi za kubana kule. Nipeni kipimo cha mguu.

Furaha, 09:41
Ciza Mungu akubariki. Kipimo utapata leo. Wengine je? Naona alama za bluu 19, majibu 3.

Mjomba Mushagalusa, 10:02
Miaka mitatu mguu haujapona. Hayo si mambo ya munganga. Hiyo ni karuho, sumu ya kulishwa. Kuna mutu Walungu, anatapisha watu na wanapona. Ningeanza kule.

Furaha, 10:04
Mjomba, kwa heshima yote, hapana. Ekografia walimufanyia, ile picha ya ndani ya mguu. Mishipa ndiyo imeharibika.

Mjomba Mushagalusa, 10:05
Unanijibu hivyo mbele ya watoto?

Neema, 10:11
Na pesa ya Walungu itatoka wapi? Kwenye ile ya mabati?

Yaya Bahati (Lubumbashi), 10:11
Neema.

Neema, 10:13
Nasema tu. Dola 120 za yale mabati zilikuwa za dawa ya Mama. Akakaa wiki sita bila kumeza kitu. Bonge la pili lilikuja mguu uleule. Sote tulikuwa pale.

Mjomba Mushagalusa, 10:14
Ujumbe huu umefutwa

Mjomba Mushagalusa, 10:15
Ujumbe huu umefutwa

Bisimwa, 10:20
Mabati yenyewe bado yanavuja 🙈

Furaha, 10:20
Bisimwa nyamaza. Turudi kwenye mguu.

Bisimwa, 10:24
Swali la kweli basi. Nani alimukatazia Mama sombe, majani ya muhogo? Jana nimemukuta anakula bugali na chumvi. Mushi, mutu wa kabila letu, bila sombe, huo ni ugonjwa wa pili!

Neema, 10:26
Jirani alimwambia majani yanaharibu dawa ya damu.

Mado, 10:31
Hata lenga-lenga, ule mchicha?

Bisimwa, 10:32
Hata lenga-lenga, mama yangu.

Furaha, 10:33
JUMANNE. NANI. ANAMUPELEKA.

Esther (Goma), 13:47
Poleni, nilikuwa zamu ya usiku, nimeamka sasa. Nimesoma yote. Nitaandika taratibu, mama zangu.

Esther (Goma), 13:52
Ndani ya mishipa ya miguu inayorudisha damu kuko milango midogo. Ukitembea, nyama ya kiazi cha mguu, ile ya nyuma chini ya goti, inakamua damu ipande, na milango inafunga isirudi chini. Bonge likikaa pale linaunguza milango na kuacha makovu. Bonge linaweza kuyeyuka, lakini mlango uliovunjika haujirudishi. Ndiyo maana jioni, kisha kusimama sokoni siku nzima, mguu wa Mama unajaa na kuwa muzito kama gunia. Damu inasukuma kwenye ngozi ya chini, rangi yake inabaki pale, ngozi inakuwa nyeusi na ngumu, mwisho inapasuka. Pale pale kwenye kifundo, upande wa ndani.

Esther (Goma), 13:55
Si Mama peke yake. Katika watu 100 waliopata bonge kwenye mguu, kati ya 20 na 50 wanabaki na shida hii, wengi ndani ya miaka 2 ya kwanza. Wenye hali mbaya na vidonda ni kama 5 mpaka 10. Kukatisha dawa mapema na kupata bonge mara ya pili mguu uleule kunaongeza hatari. Simutupii mutu jiwe. Nasema ili asikatishe tena.

Esther (Goma), 13:58
Sombe: ASIACHE. Anameza wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda. Majani yana vitamini K, inapunguza nguvu ya dawa, ni kweli. Lakini kinachovuruga ni kubadilisha ghafla. Ale kipimo kilekile kila wiki, na wamupime damu. Akiacha majani ghafla dawa inazidi nguvu, anaweza kutoka damu. Mwambieni munganga Jumanne kwamba aliacha.

Bisimwa, 13:59
Esther umeokoa nyumba 🙌 natafuta sombe sasa hivi

Esther (Goma), 14:00
Kidogo, Bisimwa. Kama zamani, si kama sikukuu.

Furaha, 14:03
Kipimo: kifundo sentimita 27. Kiazi cha mguu amekataa nisipime, anasema nimemuchosha.

Esther (Goma), 14:06
Hicho kipimo si cha kununulia soksi, mguu umejaa. Kwanza bandeji za kubana juu ya kidonda, afunge mutu aliyefundishwa, tena baada ya kupima kama damu inafika vizuri kwenye nyayo. Mguu wenye damu kidogo ukiubana unaweza kuoza. Kidonda kikifunga ndipo soksi, zinavaliwa asubuhi kabla ya kushuka kitandani. Kwa sasa akilala, mguu uwe juu kuliko moyo. Na atembee. Kusimama mahali pamoja ndiko kunamuua.

Esther (Goma), 14:07
Mguu ukivimba ghafla na kuuma, ao pumzi ikikatika, musingoje Jumanne. Mumupeleke saa ileile.

Koko Cirhuza, 16:30
[sauti, dakika 2:14]

Mado, 16:41
Sina mega, Koko amesema nini?

Furaha, 16:58
Naandika kama alivyosema.

"Mama yangu mimi alikufa na mguu wa namna hiyo. Mweusi, unatoa maji. Tukasema wamemulisha karuho. Tukamufukuza Mama Zihindula na watoto wake, mvua inanyesha, nikiwa mimi mwenyewe ninayebeba sufuria zake kuzitupa njiani. Mguu haukupona. Mama Zihindula hakuwa na kosa, na alikufa sijamuomba musamaha. Neno hilo sitaki kulisikia tena ndani ya nyumba yangu. Mushagalusa, Jumanne utakaa kwenye meza ya dada yako. Utauza sambaza mpaka jioni, na pesa yote utamupa mukononi."

Mjomba Mushagalusa, 18:20
Nimesikia, Baba.

Neema, 18:44
Aksanti Koko.

Yaya Bahati (Lubumbashi), 19:05
Natuma dola 40 kwa M-Pesa kesho. Nyingine mwisho wa mwezi.

Furaha, 19:06
Yaya Bahati 40. Mimi 20. Neema?

Furaha, 20:15
Neema?

Furaha, 21:02
Mado? Wengine 14?

JUMATATU

Mama Nsimire, 04:36
Watoto wangu nimesoma yote. Aksanti. Jumanne mitumbwi inaleta muzigo na wateja wangu wa mukopo wanalipa siku hiyo, Mushagalusa hawajui. Twende Alhamisi.

Furaha, 04:37
Mama HAPANA

Furaha, 04:37
Mama, Koko amesema Jumanne.

Mjomba Mushagalusa, 06:10
Dada, niandikie majina ya wenye mukopo. Nitakuja leo jioni unionyeshe.

Mama Nsimire, 06:52
Njoo na kiti. Pale hakuna kiti.

Neema, 07:15
10. Na mimi ndiye nitakayemupeleka. Kama ni Jumanne kweli.

Furaha, 07:16
Ni Jumanne. Mama? Ni Jumanne?

JUMANNE

Ciza, 08:05
Niko mupakani. Sasa ninunue bandeji ao soksi? Na Mama ametoka nyumbani ao bado?