Malaria imepanda baada ya kugawa vyandarua, bosi anasema vimefeli. Nimjibuje kwa takwimu?

Sindano_Butu (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni. Mimi ni tabibu katika halmashauri moja huku Kanda ya Ziwa. Nilikabidhiwa takwimu za malaria kwa sababu moja tu: nilionekana na laputopu.

Katikati ya 2023 tuligawa vyandarua kwenye kata saba, zile zilizokuwa zinaongoza kwa wagonjwa. Kata zilizobaki ziliendelea na vyandarua vya zamani pamoja na vile wanafunzi wanavyopewa shuleni. Juzi nimevuta taarifa za DHIS2 (mfumo wa kompyuta ambamo vituo huripoti wagonjwa), mwaka mmoja na nusu kabla na mwaka mmoja na nusu baada. Mstari unapanda. Kwenye zile kata saba wagonjwa waliothibitishwa wanakaribia mara mbili ya zamani.

Nikapeleka grafu kikaoni. Mkuu wangu wa kazi akaiangalia sekunde tano hivi, akasema, "Kwa hiyo tuligawa mapambo." Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, ungefanyaje?

Baada ya wiki tatu kuna kikao kingine, na anataka fedha iliyobaki yote iende kwenye dawa ya viluwiluwi. Sina ugomvi na viluwiluwi. Ila moyo unaniambia ile grafu inanidanganya, na moyo hauingii kwenye makabrasha ya kikao. Epidemiolojia niliisoma muhula mmoja tu, nakumbuka John Snow, yule daktari wa kipindupindu, na bomba la maji la London mwaka 1854, basi. Nianzie wapi?

Muuza Dagaa

Njoo mwaloni, huku wavuvi wanakotua, uone vyandarua vyenu vinavyofanya kazi. Vingine vimezungushiwa mchicha, vingine vinalinda vifaranga, vingine vinavua. Bosi wako hajakosea.

Mwana_Takwimu

Mleta mada, kabla hujamjibu bosi, jijibu swali hili: hiyo namba uliyochora ni ya nini? Wewe umechora watu waliofika kituoni, wakapimwa, wakakutwa na malaria, wakaandikwa, na taarifa zao zikaingizwa kwenye mfumo. Hatua tano hizo. Mbu anahusika na moja tu.

Chukua mfano. Tuseme zahanati mwaka wa kwanza ilipima watu 100 ikakuta 40 wana malaria. Mwaka uliofuata ikapata vipimo vya kutosha, ikapima 300, ikakuta 75. Ukichora wagonjwa, wamepanda kutoka 40 hadi 75, bosi anasema mapambo. Ukichora kwa kila 100 waliopimwa, wameshuka kutoka 40 hadi 25. Kitabu ni kilekile na mhudumu ni yuleyule, ila habari mbili tofauti kabisa.

Lakini usikimbilie hiyo ya pili ukaona umeokoka. Kiwango cha waliokutwa nayo kinashuka pia pale mnapoanza kumpima kila mwenye mafua. Ndiyo maana huwa napenda kutafuta ugonjwa shahidi. Chukua magonjwa ambayo chandarua hakiyagusi, kwa mfano kuharisha na nimonia kwa watoto chini ya miaka mitano, uyachore kwenye kata zilezile na miezi ileile. Kama nayo yamepanda karibu kwa kiasi kilekile, basi kilichopanda ni mahudhurio. Yakiwa yametulia na malaria peke yake ndiyo imepaa, hapo una kesi ya kweli mkononi.

Nesi Mstaafu

Mwanangu, nimejaza vitabu vya MTUHA, vile vya kumbukumbu za kituo, miaka ishirini na nane, nikuambie mambo ya jikoni. Kitabu namba 5, cha wagonjwa wa nje, hakisemi uongo, ila hakisemi kila kitu.

Vipimo vya haraka vikiisha, watu hawaachi kuumwa. Tulikuwa tunatibu kwa dalili na kuandika malaria isiyothibitishwa. Sasa wewe umechora waliothibitishwa tu. Ile miezi ambayo kabati lilikuwa tupu inaonekana kama miezi ya neema! Nenda kaangalie leja ya dawa na vifaa, tafuta miezi ambayo salio la vipimo lilikuwa sifuri, uitie alama.

Pili, uliza kama kuna zahanati mpya iliyofunguliwa. Mama aliyekuwa anatembea kilomita tisa alikuwa ananunua dawa dukani, na duka haliripoti DHIS2.

Tatu, mtoto aliyetibiwa vizuri anaweza kuendelea kuonyesha malaria kwenye kipimo cha haraka kwa wiki kadhaa, maana kipimo kinanusa protini iliyobaki kwenye damu. Akirudi na homa ya kitu kingine anahesabiwa tena.

Sindano_Butu

Bibi, hapo kwenye zahanati mpya umenishtua. Zipo mbili, zote ndani ya zile kata saba. Sikulifikiria hata kidogo.

Mbu Dume

Nafanya kazi na mbu (jina linatosha). Kabla ya kubishana kama vyandarua vimefeli, tuambie ni vyandarua gani. Neno "chandarua" siku hizi halitoshi.

Huku Ziwa mbu wana usugu mkubwa kwa pairethroidi, ile dawa ya miaka yote. Mtu anaweza kulala ndani ya chandarua kipya cha namna hiyo, na mbu akakigusa akaondoka mzima. Muleba, Kagera, walifanya jaribio la nasibu kwa vikundi 48 (kura ndiyo iliyoamua kikundi kipi kipate chandarua kipi), likaonyesha kwamba vyandarua vilivyoongezwa PBO, kemikali inayomvunja mbu nguvu za kuhimili dawa, vinakinga vizuri kuliko vya kawaida. WHO ikavipendekeza 2017, matokeo kamili yakachapishwa 2018.

Kisha ikaja Misungwi, Mwanza, vikundi 84, aina nne za vyandarua, matokeo 2022. Baada ya miaka miwili walipima watoto. Waliopewa vya kawaida, asilimia 45.8 walikuwa na vimelea. Wa PBO asilimia 40.7. Wa vyandarua vyenye klorofenapiri, dawa ya aina nyingine, asilimia 25.6. Machi 2023 WHO ikapendekeza hivyo vya klorofenapiri kwa maeneo yenye usugu. Kwa hiyo kama ninyi mligawa vya kawaida katikati ya 2023, bosi anaweza kuwa sahihi nusu, na jibu likawa kubadilisha aina wala si kuacha vyandarua. Angalia lebo iliyoshonwa pembeni.

Muuza Dagaa naye asipuuzwe. Hata Misungwi vyandarua vilichanika na watu wakaacha kuvitumia kadiri miaka ilivyosogea. Ila hiyo ni hoja ya kudumu na kutumika, na mleta mada hana hata swali moja la matumizi kwenye data yake.

Hesabu Ngumu

Mbona mnazunguka? Aende vijijini, aulize nani jana alilala kwenye chandarua na nani hakulala, apime wote, alinganishe. Siku mbili kazi imekwisha.

Pwani Kavu

Salaam wote, mie niko Kilifi. Hesabu Ngumu, hilo lako linavutia lakini lina mitego miwili.

Mtego wa kwanza unajulikana na kila mwenye jirani. Anayelala kwenye chandarua na asiyelala si watu sawa. Pengine mwenye nacho ana nyumba ya bati yenye madirisha yenye wavu, na nauli ya kituoni. Au kinyume chake, anakitumia kwa sababu nyumba yake iko kando ya bwawa na mbu wanamtoa roho. Ukilinganisha hivyohivyo unapima bati na bwawa, unaviita chandarua.

Mtego wa pili ndio hasa uliotufunza sisi Kenya. Miaka ya tisini, Asembo huko Siaya, waligawa vijiji kwa nasibu, vingine vikapata vyandarua vyenye dawa na vingine vikasubiri. Wakakuta kwamba hata nyumba zisizokuwa navyo, zikiwa ndani ya kama mita 300 kutoka vijiji vyenye vyandarua, watoto wake walinufaika. Dawa ilipunguza mbu wa mtaa mzima. Sasa wewe ukienda kijiji kimoja kulinganisha mwenye nacho na asiye nacho, wote wamekingwa, tofauti inakuwa ndogo, unarudi ukisema chandarua hakina kazi kumbe kimefanya kazi hadi kwa jirani.

Ndiyo sababu majaribio haya hugawa kijiji au kundi la vijiji, hayagawi mtu mmojammoja. Hapa kwetu Kilifi jaribio la namna hiyo lilionyesha vifo vya watoto vimepungua kwa asilimia 33, lilichapishwa 1996. Halikupatikana kwa siku mbili, wallahi.

Hesabu Ngumu

Nimekubali kwenye bati na bwawa. Hiyo ya jirani sikuwahi kuisikia.

Mwana_Takwimu

Ngoja sasa nimpe mleta mada njia, maana wiki tatu si nyingi.

Kulinganisha kabla na baada ndani ya kata saba peke yake kunakuponza, kwa sababu mwishoni mwa 2023 mvua za El Niño zilinyesha kila mahali, na 2024 masika ikaja na mafuriko. Mvua huleta malaria baada ya mwezi mmoja hadi mitatu hivi. Kwa hiyo swali lako lisiwe "je, malaria imepanda?" Liwe "je, ingekuwaje kwenye kata hizi saba kama tusingegawa?" Hakuna anayeweza kuiona hiyo hali, tunaikisia kutoka kwa kata ambazo hazikupata lakini zilinyeshewa mvua ileile. Chukua mabadiliko ya kata saba, toa mabadiliko ya kata nyingine. Kinachobaki ndicho unachoweza kukihusisha na vyandarua, kwa sharti kwamba kabla ya ugawaji mistari ya makundi yote mawili ilikuwa inakwenda sambamba. Chora uone. Kama haikuwa sambamba, sema hivyo mbele ya bosi, usiifiche.

Na tafuta kipimo kisichotegemea nani ameamua kuja kutibiwa. Unacho tayari! Tangu 2014 kila mjamzito anapimwa malaria hudhurio la kwanza la kliniki, awe na homa asiwe nayo. Zahanati mpya na homa za mafua hazimvurugi sana huyo. Wajawazito si watoto, kweli, lakini mwelekeo wao hufuatana. Kama wilaya yako iliguswa na upimaji wa wanafunzi wa shule za msingi, ule ulioanza awamu ya 2014/15, uombe nao.

Sindano_Butu

Wakuu, nimerudi baada ya siku tisa. Sikulala vizuri ila nimepata kitu.

Leja: mwaka 2022 vituo vingi vya kata saba vilikaa miezi bila vipimo. Baada ya ugawaji vipimo vilikuja vya kutosha. Bibi Nesi, ungekuwa karibu ningekuletea sukari.

Kuharisha na nimonia: vimepanda pia kwenye kata saba, si kama malaria lakini vimepanda waziwazi. Kata nyingine vimetulia.

Wajawazito: kata saba kiwango kimeshuka. Kata nyingine kiko palepale, au kimepanda kidogo. Lebo: PBO.

Kwa hiyo kesho naandika kwamba vyandarua vimefanya kazi na bosi alikosea. Sawa?

Mwana_Takwimu

Si sawa. Tulia kwanza.

Ulisema mwanzo kwamba mlichagua kata zilizokuwa zinaongoza. Kata inayoongoza mwaka huu, kwa sehemu imeongoza kwa bahati mbaya ya mwaka huo, na mwaka unaofuata hushuka yenyewe hata usipoigusa. Wanafunzi kumi waliopata alama za chini kabisa mtihani wa kwanza, mtihani wa pili wengi watapanda hata ukiwafundisha mashairi. Kushuka kwa wajawazito wako kunaweza kuwa na kipande cha hilo. Rudi nyuma hadi 2019 au 2020 kama taarifa zipo. Kata hizi zikiwa zinaongoza kila mwaka, hofu inapungua. Zikiwa ziliongoza 2022 tu, andika kwa unyenyekevu.

Halafu wajawazito wangapi? Kata yenye wajawazito thelathini kwa robo mwaka, wawili tu wanageuza asilimia yako. Unganisha robo, weka na upana wa makosa, yaani asilimia halisi inaweza kuwa kati ya ngapi na ngapi, usiweke nukta peke yake.

Mbu Dume

Naunga mkono. Na usimwite bosi mkosaji, hakukosea kusoma grafu. Grafu ndiyo iliyochorwa vibaya, na ilichorwa na wewe.

Sindano_Butu

Hiyo imeniingia. Basi nitaandika hivi: "Ongezeko la wagonjwa waliothibitishwa limechangiwa kwa kiasi kikubwa na upatikanaji wa vipimo na vituo vipya. Kipimo cha wajawazito hakionyeshi kwamba maambukizi yameongezeka katika kata zilizopata vyandarua, na kinaelekea kuonyesha yamepungua. Hatuwezi kusema kwa uhakika ni kwa kiasi gani." Bosi atasema mbona sijasema chochote.

Pwani Kavu

Umesema kubwa. Umemwambia asiondoe fedha kwa sababu ya grafu moja.

Muuza Dagaa

Na mimi je? Hayo ya mwaloni hamuweki?

Sindano_Butu

Naweka, mkuu. Jumatatu natoka na wahudumu wa jamii, nyumba ishirini kila kata kwa kuchagua kwa bahati nasibu, tunahesabu vyandarua vilivyotundikwa kitandani, siyo vilivyopokelewa. Nikifika mwaloni nitakutafuta unionyeshe.

Nesi Mstaafu

Nenda saa kumi na mbili asubuhi, kabla hawajavikunja. Na ubebe peni zako mwenyewe, za zahanati haziandiki.