Watu 180, mwalimu hayumo: huu ukumbi wa majadiliano ni wa nini hasa?

Jamani nshachoka. Naandika hapa kwa sababu kule kwenye ukumbi wa kozi, ule wa mtandaoni, nikiandika hakuna anayesoma, na hilo ndo lalamiko lenyewe, kwa hivyo mwenye haraka ashapata yake, wengine kaeni niwaeleze.

Niko mwaka wa pili, chuo nakiacha bila jina. Semista hii tuna somo la takwimu ambalo kila wiki lazima uingie Moodle, ule mtambo wa masomo wa mtandaoni, kuna swali, uandike maneno 250, halafu uwajibu wenzako wawili. Asilimia 10 ya marksi iko hapo. Mimi ni mtu wa Likoni, Mombasa, mchana nasimama dukani kwa mama mdogo kule Mwembe Tayari, kusoma ni usiku, na sikatai, nlijua hayo nikijisajili.

Sasa sikiza ya Jumapili ya juzi. Nmevuka feri nimefika nyumbani karibu saa tano, stima hamna, mtaa mzima giza. Nikarudi mpaka kwa mama wa viazi karai hapo karibu na stendi, ana taa yake ya sola, nikanunua viazi vya hamsini ili nisifukuzwe, nikatoa simu nikaandika posti yangu yote kwa kidole gumba. Chaji asilimia 19. Nimeituma saa 5:25, dedlaini ni 5:59. Nikasema nimewahi, dakika 34 nzima, kujibu watu wawili ni kitu gani.

Kumbe ule ukumbi umewekwa kwa mtindo wa swali na jibu. Yaani huoni alichoandika mwenzako mpaka wewe uweke chako kwanza, na hiyo naielewa, ni ili tusinakiliane. Lakini ukishaweka bado huoni! Unasubiri mpaka ule muda wa kurekebisha posti yako uishe, na Moodle ikija kutoka kwa wenyewe muda huo ni dakika 30, mpaka msimamizi aubadilishe. Wetu hajagusa kitu. Kwa hivyo 5:25 ongeza 30, ni 5:55. Nmekaa pale naangalia skrini tupu, natafuna viazi, ukwaju unanidondokea kwa kioo, napangusa na leso, navuta ukurasa ufunguke upya, hamna, navuta tena, hamna. Ikafika 5:55 zikamwagika zote pamoja. Dakika nne, watu wawili, maneno mia kila mmoja. Wa kwanza nlimwandikia nakubaliana na wewe, umefafanua vizuri, nikazungushazungusha mpaka yakaonekana mengi. Sikumsoma. Namwomba msamaha hapa hapa, mpaka leo sijui aliandika nini. Wa pili niko katikati, ukumbi ukafungwa na maneno yangu ndani.

Nikakatwa. Sawa. Kuna atakayesema ningeanza mapema, na kweli, Jumapili saa tano usiku si wakati wa mtu mwenye akili zake. Kwa hilo peke yake nisingekuja kulia huku.

Kilichonichoma ni kingine. Wiki ya nne nliuliza swali, swali la kweli la mtu asiyejua. Slaidi ya lekchara ikitafuta variansi ya sampuli, yaani kipimo cha data ilivyotawanyika, inagawanya kwa n, ile idadi ya data. Mtihani wa nyuma aliotupa yeye mwenyewe, majibu yake yanagawanya kwa n-1. Nikauliza kwa adabu zote, samahani mwalimu, tufuate ipi na kwa nini. Nikapata majibu kumi na moja. Kumi na moja wallahi! Nikafungua na furaha zangu. "Pointi nzuri sana." "Nakubaliana nawe kabisa." "Asante kwa kutufungua macho." Mtu awauliza njia ya kwenda Kongowea, nyinyi mwamwambia mwakubaliana naye? Na siwalaumu sana, kwa sababu nao walikuwa saa 5:55 na viazi vyao. Mmoja kaleta aya tatu za Kizungu kilichonyooka kama reli, mwanzo hadi mwisho hamna n wala n-1, tunajua imetoka wapi hiyo.

Lekchara kimya. Wiki ya tano kimya, ya sita kimya.

Aliyenijibu ni msichana mmoja wa Kisauni, kwa WhatsApp, voisi ya dakika mbili na kuku wanalia nyuma. Akanambia chukua mafungu matano ya nyanya, wastani nyanya 10 kwa fungu. Nikikutajia mafungu manne, la tano utalijua hata bila kuliona, maana jumla lazima ifike 50. Kwa hivyo ukishatumia wastani uliotoka kwenye data hiyo hiyo, fungu moja halina ujanja tena, umebaki na manne yaliyo huru, ndo unagawanya kwa n-1. Ukigawanya kwa n jibu huelekea kutoka dogo kuliko ukweli. Lakini kama umehesabu mafungu yote ya soko, si sampuli, hapo n ni sawa. Basi! Dakika mbili! Na marksi alizopata yule dada kwa hiyo voisi ni sufuri, kwa sababu haikupita ukumbini.

CAT, ule mtihani mdogo wa ndani ya semista, ikaja ikauliza hilo hilo. Waliofuata slaidi wakakatwa.

Halafu ndo mwalimu akaingia ukumbini, mara yake ya kwanza tangu semista ianze. Nlipoona jina lake moyo uliruka. Mistari miwili: anatukumbusha kuwa ushiriki ni asilimia 10 na baadhi yetu tunazembea. Na ikaja kwa barua pepe pia, kama zinavyokuja zote, watu 180 mara posti tatu ni barua 540 kwa wiki tukifanya kazi sote (ingieni kwenye mapendeleo ya akaunti, kuna pahali pa kuchagua zije kwa muhtasari mmoja kwa siku, mimi nligundua wiki ya sita nshateseka).

Mimi sisemi ukumbi ufutwe. Aliyeufungua aingie nusu saa kwa wiki ajibu yale yenye alama ya kuuliza, na zile dakika 30 zishushwe hata ziwe tano, ni msimamizi wa mtambo kubadilisha kitu kimoja tu, haihitaji bajeti wala kikao. Nikayapeleka haya kwa klasrepu wetu, mwakilishi wa darasa. Unajua kanijibu nini? "Andika kwenye ukumbi."

Kuna mtu hapa ashawahi kulipeleka jambo kama hili idarani akasikizwa? Mlianzia kwa nani, na mliandika barua ama mlienda wenyewe?

NYONGEZA: Mnaouliza chuo gani, sitaji, nataka kumaliza salama. Na wewe uliyejibu hapo chini "nakubaliana na wewe, umeeleza vizuri", nimekuona.