Miezi ya malezi kwenye pensheni ya Ujerumani: baba anaweza kuichukua?

Kutoka: Baba wa mmoja, Hannover

Wakubwa shikamooni, na wengine habari za huko mliko.

Mke wangu ni muuguzi. Likizo ya uzazi ilipokwisha alirudi wodini, mimi nikabaki nyumbani na mtoto, ambaye sasa ana miezi saba. Nimesikia kwamba serikali ya hapa humwekea mzazi michango ya pensheni kwa sababu ya kulea, lakini mara nyingi inaandikwa kwa mama. Je, inaweza kuhamishiwa kwangu? Na kuna faida yoyote? Mke wangu anaona tungoje mtoto aanze chekechea ndipo tushughulikie makaratasi yote kwa mpigo.

Kutoka: Mama wa watatu, Bremen

Kaka, hongereni sana kwa mtoto. Hilo la kungoja chekechea ndilo limenifanya nikujibu usiku huu huu. Tafadhali msingoje.

Miezi hii ya malezi kwenye barua za Deutsche Rentenversicherung, ofisi ya pensheni ya hapa, utaiona imeandikwa Kindererziehungszeiten. Kwa mtoto aliyezaliwa kuanzia mwaka 1992 ni miezi 36, inayoanza kuhesabiwa mwezi unaofuata ule aliozaliwa. Wazazi wakitaka iende kwa mmoja wao, wanaandika tamko la pamoja na kutia saini wote wawili. Lakini tamko hilo linahusu miezi inayokuja. Kwa miezi iliyopita linarudi nyuma miezi miwili tu ya kalenda. Mkilipeleka mtoto akiwa na miaka mitatu, karibu miezi yote itakuwa imeshapita, na tamko lenu halitaigusa.

Kama hakuna tamko, ofisi inaangalia ni nani aliyelea kwa sehemu kubwa zaidi. Ikionekana hakuna aliyemzidi mwenzake, miezi inakwenda kwa mama. Kwa hiyo ile miezi ya nyuma uliyokaa na mtoto peke yako bado unaweza kuidai, ila itabidi uthibitishe: barua ya mwajiri wa wifi inayoonyesha tarehe aliyorudi kazini na saa zake, na karatasi zako za Elterngeld, ile posho ya mzazi anayelea mtoto mchanga, kama ulipokea. Zitafute sasa. Baada ya miaka kumi hakuna atakayezikumbuka ziko wapi.

Sasa faida yake. Mwaka mmoja wa malezi unahesabiwa kama mwaka ambao umefanya kazi kwa mshahara wa wastani wa nchi nzima, yaani karibu pointi moja ya pensheni. Julai 2025 pointi moja ilipangiwa thamani ya yuro 40.79 kwa mwezi. Miaka mitatu, basi, ni kama yuro 122 za pensheni kila mwezi kwa thamani hiyo, maisha yote, na ninyi hamkukatwa hata senti.

Nani achukue? Watu wengi hudhani anayefanya kazi hapati, kwa hiyo eti lazima apewe aliyekaa nyumbani. Sivyo. Pointi za malezi zinaongezwa juu ya zile za mshahara, mpaka zifike kikomo cha mshahara unaokatwa michango. Mwenye mshahara mkubwa uliofika kwenye kikomo hicho hapati nyongeza, na kwake miezi hii inapotea bure. Mshahara wa muuguzi kwa kawaida haufiki huko, kwa hiyo pointi zingekuwa zile zile kwake au kwako.

Kwa hali yenu mimi ningetazama kitu kingine: miezi 60. Bila miezi 60 ya michango kwenye daftari lako la pensheni huna haki ya pensheni ya uzeeni hapa. Wifi, kama ameajiriwa miaka kadhaa, huenda ameshaivuka. Wewe hujasema umechangia kiasi gani, lakini kama ni kidogo, hii 36 inakuachia 24 tu ya kutafuta. Wala usitegemee miaka ya NSSF ya nyumbani, iwe Kenya au Tanzania. Ujerumani haina mkataba wa hifadhi ya jamii na nchi hizo, kwa hiyo miaka ya huko haijumlishwi na ya hapa. Nimewaona kina baba waliolea watoto kwa mikono yao miwili wakafika uzeeni bila kitu, na inaniuma kila mara, maana karatasi moja ingetosha.

Fomu ya kuomba miezi yenyewe ni V0800. Waambieni pia kwamba mnataka kutoa tamko la pamoja, watawapa karatasi yake. Mnaweza kugawana, mathalani mwaka wako na miaka miwili yake, ila mwezi mmoja hauna wazazi wawili: ni wako au ni wake. Ushauri kwenye vituo vyao ni bure. Wakishajibu, omba Versicherungsverlauf, ile orodha ya miezi yako yote, uikague mstari kwa mstari.

Kutoka: Dada wa Köln

Dada, samahani naingilia. Mimi nina wawili, wote wamezaliwa hapa, na kazi niliyofanya ni ya muda mfupi sana. Tunafikiria kurudi Mombasa kabisa. Rafiki ameniambia nikifika nyumbani nidai michango yangu nirudishiwe. Hiyo miezi ya watoto nayo italipwa?

Kutoka: Mama wa watatu, Bremen

Mdogo wangu, asante kwa kuuliza kabla hujasaini.

Haitalipwa. Kwa raia wa nchi isiyo na mkataba, marejesho yanawezekana ukishaishi nje ya Umoja wa Ulaya na miezi 24 ikapita tangu bima yako ya lazima ya pensheni ilipokoma. Lakini unarudishiwa sehemu uliyokatwa wewe tu, si ya mwajiri. Michango ya malezi ililipwa na serikali, kwa hiyo hapo fungu lako ni sifuri. Kibaya zaidi, ukishapokea marejesho daftari lote linafungwa, na miezi ya watoto inafutwa pamoja na mingine.

Hebu piga hesabu. Watoto wawili ni miezi 72, hata kama walifuatana kwa karibu, kwa sababu miezi inayogongana huongezwa mwishoni. Umeshavuka 60 kwa malezi peke yake. Kwa thamani ile ile ya pointi ni takriban yuro 245 kwa mwezi ukifika umri wa kustaafu, ambao kwa waliozaliwa 1964 na baada yake ni miaka 67. Pensheni hiyo hulipwa hata ukiwa Mombasa, na tangu Oktoba 2013 asiye raia wa Ulaya hakatwi tena ile asilimia 30 ya zamani.

Kabla ya kufunga mizigo, hakikisha watoto wote wawili wameandikwa kwenye daftari lako, na kwamba malezi yalifanyika hapa muda wote unaohesabiwa. Mkiondoka mdogo akiwa na mwaka mmoja na nusu, miezi iliyobaki kwa kawaida haihesabiwi, na hizo 72 zitapungua. Yeye ana umri gani sasa?

Kutoka: Dada wa Köln

Ana miaka miwili na miezi minne. Nakwenda kukaa na mume wangu tuangalie tarehe upya.