Baba na baba mdogo wanameza dawa moja ya lehemu baada ya kiharusi: je, tofauti ya matokeo ni ya vinasaba?

Mwana wa Ukerewe aliuliza:

Wanajukwaa, heshima kwenu nyote. Baba yangu mzazi, mwenye umri wa miaka 64, alipata kiharusi cha kuziba kwa mshipa wa ubongo, na tangu aruhusiwe kutoka hospitali anameza atorvastatini miligramu 40 kila usiku, pamoja na aspirini na amlodipini ya shinikizo la damu. Baba yangu mdogo, ambaye wamezaliwa tumbo moja, alipata kiharusi cha namna hiyo hiyo akiwa kazini Muscat, naye akaanzishiwa dawa hiyo hiyo kwa dozi hiyo hiyo. Lehemu (kolesteroli) mbaya, yaani LDL, ya baba mdogo imeshuka kutoka 4.2 hadi 2.0 (milimoli kwa lita), lakini ya baba imetoka 3.9 ikakwama kwenye 3.2. Juu ya hayo, baba analalamika maumivu ya mapaja na anataka kuiacha dawa.

Dada yetu anayeishi Uingereza anashauri tupeleke mate ya baba kwenye maabara ya vinasaba ili ijulikane kama dawa hii inampatana. Je, kipimo hicho kinaweza kueleza tofauti hii, au tutakuwa tumepoteza fedha? Naomba kuwasilisha.

Mfamasia wa Tanga alijibu:

Poleni kwa kuuguza. Umeuliza mambo mawili kwa pamoja, na ni vyema tuyatenganishe, kwa sababu jeni zinazohusishwa na maumivu ya misuli kwa sehemu kubwa si zile zinazoamua lehemu ishuke kwa kiasi gani.

Kwa upande wa misuli, jeni inayofahamika zaidi ni SLCO1B1. Hiyo ndiyo inayotengeneza protini ya kuichukua statini (kundi la dawa za kushusha lehemu, atorvastatini ikiwamo) kutoka kwenye damu na kuiingiza katika seli za ini, mahali ambapo dawa inatakiwa kufanya kazi yake. Aliyerithi umbo dhaifu la jeni hiyo hubaki na dawa nyingi zaidi ndani ya damu, na misuli ndiyo inayoumia. Mwaka 2008 utafiti wa SEARCH, uliofanyika Uingereza, ulionyesha kwamba miongoni mwa waliokuwa wakimeza simvastatini, statini nyingine, miligramu 80, mtu aliyerithi umbo hilo kwa mzazi mmoja alikuwa na uwezekano wa kupata ugonjwa wa misuli mara 4.5 zaidi ya asiye nalo, na aliyelirithi kwa wazazi wote wawili karibu mara 17. Hata hivyo wale walikuwa watu waliowahi kupata shambulio la moyo, si kiharusi, na dozi ile kubwa ya simvastatini ilikuja kuwekewa vizuizi nchini Marekani mwaka 2011. Kwa atorvastatini athari ya jeni hiyo ipo, ila ni ndogo zaidi. Wengi hushangaa wakisikia kwamba umbo hilo dhaifu halibadilishi sana kiwango cha kushuka kwa lehemu, kwa hiyo haliwezi kuwa maelezo ya ile 3.2 ya mzee.

Kwa upande wa lehemu yenyewe, uchambuzi uliochapishwa mwaka 2014, uliokusanya takwimu za watumiaji wa statini takriban 40,000, wengi wao wakiwa na asili ya Ulaya, ulizitaja jeni za APOE na LPA miongoni mwa zile zenye uzito. Wenye umbo la E2 la APOE huitikia dawa vizuri kidogo kuliko wenye E4. Habari ya LPA ndiyo ninayoiona kuwa na manufaa kwenu. Jeni hiyo huamua kiasi cha chembe za mafuta ziitwazo Lp(a), ambazo statini haizipunguzi, lakini lehemu iliyomo ndani yake huhesabiwa katika kipimo cha kawaida cha LDL. Kwa hiyo mtu mwenye Lp(a) nyingi huonekana kana kwamba dawa imemkataa, ilhali sehemu ya LDL inayotibika imeshuka kama inavyotakiwa. Watu wenye asili ya Afrika kwa wastani wana Lp(a) nyingi kuliko Wazungu, nayo hupimwa kwa damu tu, bila kipimo chochote cha vinasaba.

Tabibu wa Magonjwa ya Ndani alijibu:

Namshukuru Mfamasia kwa maelezo hayo, nami sipingani nayo, ila naona tumeanza na sababu adimu tukaziruka zilizo za kawaida.

Atorvastatini miligramu 40 hutarajiwa kuishusha LDL kwa karibu nusu. Mzee amepata upungufu wa chini ya asilimia 20, na pengo la ukubwa huo si rahisi kulisababisha kwa APOE peke yake. Kabla ya kuvitilia shaka vinasaba vyake, ningeuliza kwanza kama vidonge vinamezwa kila siku, kama tezi ya shingo imewahi kupimwa (ikidhoofika hupandisha lehemu), na kama anatumia dawa zinazoharakisha kuvunjwa kwa statini. Rifampisini ya kifua kikuu hufanya hivyo kwa nguvu, na efavirenzi iliyokuwa ikitumika sana katika tiba ya virusi vya UKIMWI nayo hufanya hivyo. Ningeuliza pia kile kipimo cha 3.9 kilichukuliwa lini. Mwili ukiwa katika ugonjwa mkali lehemu huweza kushuka yenyewe, hivyo damu iliyotolewa wodini siku chache baada ya kiharusi huweza kuonyesha kiwango kilicho chini ya kile cha mgonjwa akiwa mzima, na baadaye dawa ikaonekana dhaifu bila kosa lake.

Nyote pia mmelipita jambo moja. Utafiti wa Treat Stroke to Target, uliofanyika Ufaransa na Korea Kusini na kuchapishwa mwaka 2020, ulionyesha kwamba waliopata kiharusi cha kuziba kwa mshipa na wenye mafuta katika mishipa hupata nafuu zaidi LDL ikishushwa chini ya 1.8. Baba mdogo, tunayemchukua kama mfano wa mafanikio, naye hajafika hapo.

Mwana wa Ukerewe aliandika tena:

Nawashukuru sana, Daktari na Mfamasia. Nimepekua karatasi za hospitali na kuona kwamba 3.9 ilipimwa baba akiwa amelazwa. Kifua kikuu hana, na vidonge anapewa na mama mkononi. Limebaki suala la kipimo cha mate, kwa sababu dada yupo tayari kulipia.

Msomi wa Vinasaba alijibu:

Dada yako ana nia njema, lakini afahamu kitakachopimwa. Vipimo vingi vinavyouzwa Ulaya hutafuta maumbo machache ya jeni ambayo ni ya kawaida huko au Asia. Lile umbo la SLCO1B1 lililotajwa hapo juu ni adimu katika Afrika kusini mwa Sahara. Umbo la jeni nyingine, ABCG2, linalopandisha kiwango cha rosuvastatini (nayo ni statini) katika damu limeenea Asia Mashariki, lakini kwetu ni nadra. Kuna maumbo mengine ya SLCO1B1 yanayopatikana zaidi kwa Waafrika, na kipimo kisichoyatafuta kitawaandikia kwamba mzee yuko sawa, ilhali hakikuangalia mahali penyewe.

Sisemi kwamba vinasaba vya Waafrika havina la kufundisha katika jambo hili. Mwaka 2006 watafiti wa Dallas walieleza kwamba asilimia 2.6 ya Wamarekani weusi waliowachunguza walikuwa na mabadiliko yanayoizima jeni ya PCSK9, ambayo hutengeneza protini inayopunguza uwezo wa ini wa kuondoa LDL kwenye damu. LDL yao ilikuwa chini kwa asilimia 28, na hatari ya ugonjwa wa mishipa ya moyo ilipungua kwa asilimia 88. Matokeo hayo yaliwapa watengenezaji wa dawa sababu nzito ya kuilenga protini hiyo, na sindano za kuizuia ziliidhinishwa mwaka 2015.

Mfamasia wa Tanga alijibu:

Naongezea kuhusu mapaja. Mzee asiache dawa kwa uamuzi wake mwenyewe. Mwombeni daktari apime kimeng'enya cha misuli kiitwacho CK, na iwapo mkojo utabadilika ukawa mwekundu au kahawia, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo. CK ikiwa ya kawaida, kumbukeni utafiti wa SAMSON wa mwaka 2020: watu waliokuwa wameacha statini kwa sababu ya madhara walipewa kwa zamu statini na vidonge visivyo na dawa, na takriban asilimia 90 ya dalili zilizojitokeza kwa statini zilijitokeza pia kwa vidonge vitupu. Maumivu yalikuwa ya kweli, lakini mara nyingi hayakutoka kwenye dawa.

Fedha za dada zitumike kupima upya LDL na kupima Lp(a). Ikiwa LDL bado iko juu, muulizeni daktari kuhusu kuongeza ezetimibe, dawa ya lehemu isiyo statini. Kuizidisha statini mara mbili hushusha LDL kwa takriban asilimia 6 tu zaidi, ilhali ezetimibe huongeza kama asilimia 20. Msikubali abadilishiwe simvastatini ya dozi kubwa, kwa kuwa anatumia amlodipini, na mchanganyiko huo haupaswi kuvuka miligramu 20 za simvastatini kwa siku.